Mchoro upi kwa swali lipi? Namna ya kumsaidia mwanafunzi kufikiri badala ya kukariri

Mwanafunzi anaweza kukariri daftari zima la Jiografia na bado akakwama kwenye mtihani. Daftari linasema Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika kwa eneo. Linasema pia Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote barani. Akiulizwa "Taja ziwa lenye kina kirefu zaidi Afrika", anajibu bila shida. Lakini akiambiwa "Linganisha Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika", anaandika habari za Victoria mpaka ziishe, kisha za Tanganyika mpaka ziishe. Kila alichoandika ni kweli, ila hakuna mahali alipolinganisha.

Tatizo lake ni mpangilio. Anayo maarifa, lakini yamerundikana kichwani kama mavuno ambayo hayajachambuliwa. Katika makala hii tunaeleza njia moja ambayo walimu wa nchi nyingi huitumia kutatua tatizo hilo: michoro ya kupanga mawazo. Tunaeleza hasa jambo ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ni namna ya kuchagua mchoro unaofaa. Mchoro usiofaa humpotezea mtoto muda, na wakati mwingine humfanya akariri zaidi kuliko mwanzo.

Mchoro wa kupanga mawazo ni nini?

Ni umbo rahisi, kama duara, mstari, jedwali au matawi, ambalo mwanafunzi hulijaza kwa maneno machache ili aone uhusiano kati ya mambo. Hauhitaji kipaji cha kuchora. Hauhitaji kompyuta wala mashine ya kurudufu. Unaweza kuchorwa ubaoni, nyuma ya kalenda iliyopita, au ardhini kwa kijiti.

Baadhi ya michoro hii imekuwapo muda mrefu. Maduara mawili yanayopishana, ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo kwenye mada ya seti katika Hisabati, yanaitwa kwa jina la Mwingereza John Venn aliyeyaeleza mwaka 1880. Mchoro wenye umbo la mfupa wa samaki ulienezwa na Profesa Kaoru Ishikawa wa Japani, na ulitumika viwandani kutafuta vyanzo vya kasoro za bidhaa. Ramani ya dhana ilibuniwa miaka ya 1970 na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipokuwa wakichunguza namna watoto wanavyoelewa sayansi.

Tukumbuke jambo moja hapa. Kila mchoro ulizaliwa kwa kazi yake. Jembe ni la kulimia na panga ni la kufyekea. Ukibadilishana kazi zake utachoka na shamba halitaisha.

Kwanza, soma neno la amri katika swali

Kila swali la mtihani au la zoezi lina neno linalomwamuru mwanafunzi afanye nini: taja, linganisha, eleza hatua, toa sababu, ainisha, toa maoni. Neno hilo ndilo linalochagua mchoro. Kabla ya kuchora chochote, mwambie mtoto apigie mstari neno hilo, kisha umuulize: "Swali linataka ufanye nini?"

Kama swali linasema "taja" na jibu ni moja, hakuna haja ya mchoro. Makao makuu ya nchi ya Tanzania ni Dodoma, na mtoto hahitaji duara ili aseme hivyo. Mchoro unaanza kuwa na faida pale swali linapodai mambo mawili au zaidi yahusishwe. Tutazame amri tano zinazojirudia shuleni.

Linganisha: maduara mawili

Chora maduara mawili makubwa yanayopishana katikati. La kushoto liandike Victoria, la kulia Tanganyika. Sehemu ya katikati ni ya mambo yanayofanana.

Mtoto ataanza kujaza. Kushoto: eneo la takribani kilomita za mraba 69,000, kina kisichozidi sana mita 80, na mto unaotoka ziwani ni Nile. Kulia: ziwa jembamba na refu, kina kinachofikia takribani mita 1,470, na mto unaotoka ziwani ni Lukuga unaoelekea Kongo. Katikati: yote yana maji baridi, yote yanagusa Tanzania, yote yana wavuvi wa dagaa.

Sasa angalia kilichotokea. Alipoandika mto upande wa kushoto, alilazimika kutafuta mto upande wa kulia. Alipoandika kina huku, akaandika kina kule. Hiyo ndiyo kazi ya kulinganisha: jambo kwa jambo. Kama upande mmoja umejaa na mwingine ni mtupu, mtoto mwenyewe anaona pengo lake na anajua asome nini.

Mambo yakiwa mengi, au vitu vinavyolinganishwa vikiwa vitatu, maduara hubana. Hapo tumia jedwali: vitu viwe juu, na upande wa kushoto viandikwe vigezo kama ukubwa, kina, mto unaotoka na nchi zinazopakana.

Eleza hatua: mnyororo au mzunguko

Swali likihusu mfuatano, chora visanduku na mishale. Lakini kabla ya kuchora, uliza: je, mambo haya yana mwisho, au yanarudi mwanzo?

Hatua za kutengeneza chaki au matukio ya kupata uhuru yana mwanzo na mwisho, hivyo mnyororo ulionyooka unafaa. Maisha ya mbu hayako hivyo. Mbu jike hutaga mayai majini, mayai huwa viluwiluwi, viluwiluwi huwa pupa, pupa hutoa mbu mzima, na mbu huyo hurudi kutaga. Hapo chora mishale inayozunguka.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hubadilisha jinsi mtoto anavyofikiri. Akiwa na mzunguko mbele yake, muulize: "Tukitaka kupunguza mbu hapa nyumbani, tukate mshale upi?" Ataona kwamba hatua tatu kati ya nne ziko majini. Akijua pia kwamba safari ya kutoka yai hadi mbu mzima huweza kuchukua wiki moja au mbili tu, ataelewa kwa nini ndoo na matairi yenye maji yaliyotuama yamwagwe kila wiki. Hapo ametoka kwenye kukariri hatua na kuanza kuzitumia.

Toa sababu: mfupa wa samaki

Chora mstari mrefu, na mwisho wake chora kichwa cha samaki. Tukio liandikwe kichwani. Mifupa inayotoka kwenye mstari ni mafungu ya sababu.

Chukua Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, mada inayofundishwa katika Historia. Mfupa wa uchumi utabeba kilimo cha pamba cha kulazimishwa na kodi. Mfupa wa utawala utabeba ukatili wa watumishi wa serikali ya Kijerumani, wakiwamo maakida. Mfupa wa jamii utabeba watu kuondolewa kwenye mashamba yao ya chakula ili wafanye kazi za wengine.

Halafu mtoto atauliza: dawa ya maji ya Kinjekitile Ngwale iende wapi? Usikimbilie kumjibu. Je, watu walichukia utawala kwa sababu ya maji yale, au maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali waliokuwa tayari wamechoka? Na tukio la Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi walipong'oa pamba, ni sababu ya vita au ni mwanzo wake? Mtoto anayebishana na mwenzake kuhusu mfupa upi unafaa ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

Mfupa wa samaki unashughulikia sababu peke yake. Swali likidai "sababu na matokeo", weka tukio katikati ya karatasi, sababu kushoto na matokeo kulia. Katika mfano wetu, upande wa kulia ungekuwa na vifo vya watu wengi na njaa kali iliyofuata baada ya mazao na vijiji kuchomwa.

Ainisha: mti wa matawi

Jina la kundi kubwa liwe juu, makundi madogo yateremke kama matawi, na mifano iwe chini yake. Wanyama wenye uti wa mgongo wana matawi matano: samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia.

Ugumu, na faida, unakuja kwenye mifano yenye utata. Mazungumzo ya mama na mtoto yanaweza kwenda hivi:

"Mama, popo nimweke wapi?"

"Wewe unaonaje, mwanangu?"

"Kwa ndege. Ana mabawa, anaruka."

"Haya. Ndege anazaaje?"

"Anataga mayai."

"Na popo je?"

"Anazaa. Ana... kumbe ananyonyesha!"

Mama huyo hakuhitaji kuwa mwalimu wa Biolojia. Aliuliza maswali tu, na mti ukampa mtoto mahali pa kutafuta jibu. Ndiyo maana ni vizuri mwalimu aweke kwenye orodha mfano mmoja au miwili inayosumbua. Mifano yote ikiwa rahisi, mti unakuwa zoezi la kunakili.

Toa maoni: jedwali la uamuzi

Mitaala ya sasa katika nchi za Afrika Mashariki inatilia mkazo umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutumia alichojifunza. Kwa sababu hiyo, maswali ya kutoa maoni na kuyatetea ni muhimu.

Tuchukue swali ambalo kila kaya ya mkulima inalijua: tuuze mahindi mara baada ya kuvuna, au tuyahifadhi? Chora safu mbili, moja ya kuuza sasa na nyingine ya kuhifadhi. Chini ya kila moja andika faida na hasara. Kuuza sasa: fedha ya ada inapatikana haraka, lakini bei mara nyingi huwa chini kwa kuwa kila mtu amevuna. Kuhifadhi: bei huweza kupanda na chakula kipo, lakini dumuzi wanaweza kuharibu, na mifuko isiyopitisha hewa inahitaji fedha.

Wengi huishia hapo, wakahesabu upande wenye mistari mingi na kuutangaza mshindi. Ongeza hatua moja. Mwambie mtoto azungushie duara hoja moja nzito zaidi kwa familia inayozungumziwa, na aseme kwa nini. Kwa kaya yenye mgonjwa anayehitaji matibabu leo, hoja moja inaweza kuzidi nyingine tano. Kupima uzito wa hoja ndiko kufikiri kunakodaiwa na swali la maoni.

Vipi kuhusu michoro mingine?

Michoro miwili zaidi inafaa kujulikana. Ya kwanza ni ramani ya dhana. Inafanana na utando: maneno yako kwenye visanduku na mistari inayaunganisha. Tofauti yake ni kwamba juu ya kila mstari huandikwa neno la kuunganisha, ili visanduku viwili visomeke kama sentensi. Mizizi – hufyonza – maji. Majani – hutengeneza – chakula. Mstari usio na neno ni dalili kwamba mtoto anajua vitu viwili vinahusiana lakini hajui vinahusianaje. Ramani hii inawafaa zaidi wanafunzi wa madarasa ya juu na sekondari.

Ya pili ni jedwali la safu tatu lililopendekezwa na Donna Ogle wa Marekani mwaka 1986: Ninachojua, Ninachotaka kujua, Nilichojifunza. Hili linafaa kabla na baada ya kusoma au kusikiliza. Msikilizaji anaweza kulitumia hata kwa kipindi cha redio. Kabla kipindi cha kilimo au afya hakijaanza, mtoto ajaze safu mbili za kwanza. Kikiisha, ajaze ya tatu. Kama aliandika kosa katika safu ya kwanza, alisahihishe mwenyewe.

Makosa matatu yanayoua faida ya mchoro

Kosa la kwanza ni mwalimu kuchora mchoro mzima ubaoni, ukiwa umejaa, na wanafunzi kuunakili. Hapo aliyefikiri ni mwalimu. Mwanafunzi amenakili maduara kama alivyonakili maelezo. Katika darasa lenye wanafunzi wengi ni rahisi kufanya hivyo, kwa sababu muda ni mfupi. Njia ya kati ipo: mwalimu ajaze nafasi moja au mbili kama mfano, kisha wanafunzi wajaze zilizobaki wawili wawili. Jozi tatu au nne zisome majibu yao kwa sauti, na darasa liseme kama linakubali.

Kosa la pili ni kutumia mchoro mmoja kwa kila kitu. Utando wenye neno katikati na mistari inayotoka pande zote ni mzuri kwa kukusanya mawazo ya mwanzo. Lakini hauonyeshi kipi kilitangulia, kipi kimesababisha kipi, wala kipi kinafanana na kipi. Mtoto aliyezoea utando tu atajaza ukurasa na bado hatajua aanze kujibu wapi.

Kosa la tatu ni kuishia kwenye mchoro. Karatasi ya mtihani mara nyingi inadai sentensi na aya. Mchoro ni kama kiunzi cha nyumba. Bado kuta zinahitajika. Baada ya kujaza, mtoto aeleze mchoro kwa mdomo, kisha aandike. Kutoka kwenye maduara yetu angeweza kuandika: "Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika yote yana maji baridi na yote yanagusa Tanzania. Hata hivyo, Victoria ni pana zaidi na lina kina kifupi, ilhali Tanganyika ni jembamba na lina kina kirefu mno." Maneno kama "hata hivyo", "ilhali", "kwa sababu hiyo" na "baada ya hapo" ndiyo yanayobeba umbo la mchoro kuingia kwenye maandishi. Yafundishwe pamoja na mchoro.

Mtoto anayehama lugha, na mtoto asiyeona

Kwa wanafunzi wengi wa Tanzania, kuingia kidato cha kwanza ni kuhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa akieleza vizuri ghafla hunyamaza, na huonekana hajui. Mchoro unaweza kumsaidia kutenganisha mizigo miwili. Kwanza ajaze kwa Kiswahili, afikiri vizuri, ajue nini kinahusiana na nini. Kisha atafute neno la Kiingereza la kila nafasi, na mwisho aandike sentensi. Hapo mwalimu ataona kama tatizo ni somo au ni lugha.

Mtoto asiyeona naye asiachwe. Kamba mbili zilizofungwa kuwa maduara, zikawekwa mezani zikipishana, anaweza kuzipapasa kwa vidole. Mbegu za maharage ziwe upande mmoja, za mahindi upande wa pili, na kokoto katikati, kila moja ikiwakilisha hoja anayoitaja. Njia hii inawafaa pia watoto wadogo wa darasa la kwanza na la pili ambao bado hawaandiki kwa haraka.

Uanzeje nyumbani wiki hii?

Kama wewe ni mzazi au mlezi, huhitaji kujua somo lenyewe. Chukua daftari la mtoto, chagua swali moja, na mfuate hatua hizi:

1. Apigie mstari neno la amri na aseme swali linataka nini.
2. Achague mchoro mwenyewe na aeleze kwa nini ameuchagua. Akikosea, mwache ajaze kidogo. Mara nyingi atagundua haumtoshi.
3. Ajaze bila kutazama daftari. Nafasi zitakazobaki tupu ndizo za kusoma usiku huo.
4. Akueleze mchoro kwa mdomo kana kwamba hujui chochote.
5. Aandike jibu kwa sentensi kamili.

Dakika 20 zinatosha kwa swali moja. Msifanye maswali matano kwa haraka. Swali moja lililofikiriwa vizuri lina faida zaidi.

Mwishowe, jua kwamba michoro hii ni ya muda. Mwanafunzi akishazoea, utamwona anasoma swali, ananyamaza kidogo, kisha anaanza kuandika kwa mpangilio bila kuchora kitu. Ukiona hivyo, usimlazimishe kuchora. Mchoro umeshahamia kichwani, na hata kwenye chumba cha mtihani ataingia nao.